Dawa za kolesteroli zinakula mifupa ya wazee? Mama amegoma kumeza, naombeni mawazo

MwanaWaMwisho (mleta uzi)

Wakuu, naomba tulijadili hili kwa utulivu maana nyumbani limeshaleta mgogoro.

Mama ana miaka 68. Anatumia atorvastatini (dawa ya kolesteroli ya kundi la statini) miligramu 20, alianzishiwa baada ya vipimo kuonyesha kolesteroli mbaya (LDL) iko juu, na presha anayo. Hivi karibuni kapimwa mifupa kwa mashine ya DEXA, nyonga ikatoka na alama T (inayolinganisha mfupa wake na wa kijana mwenye afya) ya −2.6. Daktari akasema hiyo tayari ni osteoporosisi (mfupa umedhoofika hadi ni rahisi kuvunjika), akamwandikia alendronati ya kumeza mara moja kwa wiki.

Tabu ikaja pale shoga yake alipomrushia ujumbe wa sauti: eti dawa za kolesteroli ndizo zinazokausha mifupa, ukiziacha mfupa unajirudi wenyewe. Mama kaifungia statini kabatini, hataki kusikia. Hiyo alendronati nayo anaitazama kwa jicho la pembeni.

Kaka yangu mkubwa kaja na lake, kasoma kwamba statini INAIMARISHA mifupa, kwa hiyo mama aongezewe dozi. Nimetafuta mwenyewe nikakuta yote mawili yameandikwa, na kila mmoja anaongea kwa kujiamini. Nani mkweli?

---

KitiChaMbele

Nimekaa hapa. Baba naye anazo hizo hizo.

---

JichoLaTatu

Hii mbona iko wazi. Kolesteroli ndiyo malighafi ya vitamini D. Ndiyo malighafi ya estrojeni na testosteroni. Mfupa unasimama kwa hivyo vitu. Unakwenda kuziba chanzo, halafu unashangaa mto umekauka? Mama yako ana akili kuliko mnavyomdhania. Aendelee kuifungia.

---

MezaYaDawa

Mleta uzi, mimi ni mfamasia. Simtibu mama yako na sijaona faili lake, kwa hiyo uamuzi ubaki kwa daktari wake. Ila hizo hadithi mbili ulizokutana nazo nazijua zilikotoka, na zote zina chembe ya ukweli ndani yake. Ndiyo maana haziishi.

Tuanze na ya kaka yako. Statini zilitoka kwa mtafiti wa Japani, Akira Endo, aliyeipata ya kwanza kwenye ukungu miaka ya 1970. Kazi ya statini ni kuzuia kimeng'enya kinachoitwa HMG-CoA reduktasi, ambacho kiko mwanzoni kabisa mwa njia ambayo mwili huitumia kutengeneza kolesteroli. Sasa hapa ndipo pananogea: alendronati, ile dawa ya mifupa, inafanya kazi kwenye NJIA HIYO HIYO, hatua kadhaa mbele. Inakaba kimeng'enya kingine pale katikati, na seli zinazobomoa mfupa zikikosa kinachotoka kwenye hatua hiyo zinashindwa kazi na kufa.

Kwa hiyo wanasayansi walipojiuliza kama statini nayo inaweza kutuliza ubomoaji wa mfupa, hawakuwa wanaota. Mwaka 1999 jarida la Science likachapisha utafiti uliokuta statini zinachochea ujenzi wa mfupa kwenye panya. Mwaka uliofuata zikaja tafiti za kumbukumbu za wagonjwa zilizoonyesha kuwa wazee wanaotumia statini wanavunjika nyonga kidogo kuliko wenzao. Watu wakaanza kusherehekea. Kaka yako kasoma mabaki ya sherehe hiyo.

Kilichokuja kuiharibu ni ini. Statini ya kumeza ikitoka utumboni inapita kwanza kwenye ini, na ini linaikamata sehemu kubwa. Kwa kolesteroli hilo ni jambo jema kwa sababu ini ndiko tunakotaka ifanye kazi. Simvastatini, kwa mfano, chini ya asilimia 5 ya kilichomezwa ndiyo inayofika kwenye mzunguko wa damu ikiwa hai. Mfupani hakifiki kitu cha maana. Alendronati yenyewe ina kawaida ya kung'ang'ania madini ya mfupa, inakaa pale pale panapobomolewa. Njia moja, ila moja inafikia mlango wa mfupa na nyingine inaishia njiani.

Sasa JichoLaTatu, hilo hilo ndilo jibu la hoja yako. Kama dawa haifiki kwenye mfupa kwa wingi wa kuujenga, na kuubomoa je? Halafu hiyo estrojeni unayoitetea: mama wa miaka 68 ovari zake zilishaacha kuizalisha muda mrefu. Kidogo alichobaki nacho kinatokana zaidi na mafuta ya mwili kugeuza homoni nyingine. Statini hapo inaziba chanzo gani?

---

JichoLaTatu

> MezaYaDawa alisema: Kama dawa haifiki kwenye mfupa kwa wingi wa kuujenga, na kuubomoa je?

Mfamasia, maneno mazuri lakini namba je? Mwaka 2019 watafiti wa Vienna walitazama kumbukumbu za watu zaidi ya milioni 7 wa Austria. Wanaotumia statini kwa dozi kubwa walikuwa na osteoporosisi zaidi. Atorvastatini zaidi ya miligramu 20, simvastatini zaidi ya 40, rosuvastatini zaidi ya 20. Hao nao wametumiwa ujumbe wa sauti?

---

NasibuTu

Afadhali umeuleta huo utafiti maana watu wengi wanautaja nusu. Nusu nyingine ni kwamba wale wa dozi NDOGO, miligramu 10 kushuka, walikuwa na osteoporosisi PUNGUFU kuliko wasiotumia kabisa. Kwa hiyo ukiukubali wote kama ulivyo, inabidi umwambie mama wa mleta uzi ashushe dozi, na wala si kuifungia kabatini. Na dozi yake ya 20 haiko hata kwenye kundi la "zaidi ya 20". Unaona inavyokuwa ngumu kuutumia?

Kazi yangu ni takwimu za afya, niruhusuni nichoshe watu kidogo.

Utafiti wa Austria ulihesabu watu walioandikiwa kwamba wana osteoporosisi. Haukuhesabu mifupa iliyovunjika, na haukumgawia mtu dawa. Sasa jiulize nani anapewa statini ya dozi kubwa. Ni mtu aliyepata mshtuko wa moyo, mwenye kisukari, mwenye mishipa iliyoziba. Mtu huyo anaingia na kutoka hospitali, anapimwa hiki na kile, na asiyepimwa haandikiwi ugonjwa. Ongeza kwamba mgonjwa wa moyo hatembei sana, na mfupa usiobebeshwa uzito unadhoofika. Kumbukumbu za bima hazikuambii nani anavuta sigara na nani anashinda kitandani.

Zile tafiti za mwaka 2000 zilizomfurahisha kaka mtu zilikuwa na ugonjwa huo huo, ila umegeuzwa. Mtu anayemeza statini yake kila siku bila kukosa mara nyingi ndiye huyo huyo anayefanya mazoezi, anayehudhuria kliniki, anayewasha taa kabla ya kushuka ngazi. Kuna watafiti wa Kanada waliofanya kitu nakipenda sana: mwaka 2009 walichapisha matokeo kwamba watu wanaomeza statini kwa uaminifu wanapata ajali CHACHE za magari na za kazini kuliko wanaoruka dozi. Statini haiendeshi gari. Walichokuwa wanakiona ni tabia ya mmezaji, na walichapisha makusudi kutukumbusha hilo.

Pia watu wenye kolesteroli ya juu mara nyingi ni wazito, na uzito wa mwili wenyewe unaulinda mfupa kiasi fulani. Ukilinganisha mnene anayetumia statini na mwembamba asiyetumia, umepima unene.

Ndiyo maana tunataka majaribio ya nasibu: kura inapigwa, huyu anapata dawa, huyu kidonge kitupu, na hakuna anayejua kapata nini. Statini zimejaribiwa hivyo kwa maelfu na maelfu ya watu kwa sababu ya moyo, na baadaye watafiti wakarudi kuhesabu mifupa. Kubwa ninaloliamini kwa swali hili ni JUPITER. Watu 17,802, wanaume wa miaka 50 na kuendelea, wanawake 60 na kuendelea, rosuvastatini miligramu 20 dhidi ya kidonge kitupu. Waliovunjika mifupa upande wa dawa: 221. Upande wa kidonge kitupu: 210.

Hapo unaona nini? Mimi naona sare. Ingekuwa statini inajenga mfupa, upande wa dawa ungekuwa chini waziwazi. Ingekuwa inaula, ungekuwa juu waziwazi. Jaribio kubwa la Uingereza la simvastatini miligramu 40, lenye watu zaidi ya 20,000, nalo halikupata tofauti ya kuvunjika mifupa. Na kuna jaribio la mwaka 2007 la wanawake 626 waliokoma hedhi, wakagawiwa atorvastatini kuanzia miligramu 10 hadi 80 au kidonge kitupu kwa mwaka mmoja, wakapimwa mifupa kabla na baada. Hakuna dozi iliyoubadilisha mfupa, si kuupandisha wala kuushusha. Hata hiyo ya 80.

Linganisha na dawa ya mifupa yenyewe. Zoledronati, sindano ya mara moja kwa mwaka, mwaka 2007 ilipunguza kuvunjika nyonga kwa asilimia 41 na uti wa mgongo kwa asilimia 70 ndani ya miaka 3. Dawa inayougusa mfupa kweli ndivyo inavyoonekana kwenye jaribio. Huhitaji kukodoa macho.

---

KitiChaMbele

221 kwa 210. Nakazia.

---

JichoLaTatu

Wanaodhamini majaribio ni watengeneza dawa. Nimeishia hapo.

---

NasibuTu

Swali halali hilo, sikulaumu. JUPITER ilidhaminiwa na mtengenezaji wa rosuvastatini, ni kweli. Lakini fikiria alitaka nini: angependa sana dawa yake ionekane INALINDA mifupa, auze kwa ajili ya magonjwa mawili. Matokeo yakaja sare na yakachapishwa hivyo hivyo. Upendeleo wa mdhamini ungeyasukuma kwa kaka mtu, usingeyasukuma kwako.

---

BibiMstaafu

Nimewasoma wote wanangu. Nimekuwa muuguzi wa wodi ya mifupa hadi kustaafu, nataka kusema jambo ambalo naona mnalizunguka.

Mwanamke akikoma hedhi, estrojeni inaanguka. Estrojeni ikianguka mambo mawili yanatokea kwa pamoja. LDL inapanda, hata kama hajabadilisha chochote katika maisha yake. Na mfupa unaanza kuliwa kwa kasi ambayo hajawahi kuiona, miaka ya mwanzo ndiyo mibaya zaidi. Moja linaonekana mapema kwa sababu kipimo cha damu ni rahisi. Anapewa statini. Lile la pili liko kimya, mfupa hauumi unapopungua, hakuna anayeuliza. Miaka kumi baadaye anapimwa DEXA au anaanguka chooni na nyonga imekatika, anageuka nyuma kutafuta mchawi. Anakiona nini? Kidonge anachokimeza kila siku.

Nimewasikia wodini wakisema hivyo hivyo, mmoja baada ya mwingine. "Nilianza hii dawa, ndipo mifupa ikaharibika." Ndipo, kwa hesabu ya miaka, ni kweli. Lakini kilichoanza kabla ya vyote viwili wamekisahau kwa sababu hakikuandikwa kwenye kadi.

Wanaume nao msicheke. Mfupa wenu unapungua polepole, ila akina baba wakivunjika nyonga wanafariki zaidi kuliko akina mama. Kwa jumla, katika kila wazee watano wanaovunjika nyonga, takriban mmoja hafiki mwaka. Hilo nililiona kwa macho na vitabu vinasema hivyo hivyo.

Mwanangu mleta uzi, mama yako muulize: hedhi ilikoma na umri gani? Mapema, kabla ya miaka 45? Aliwahi kuvunjika mkono kwa kuanguka tu akiwa amesimama? Bibi yake au mama yake alivunjika nyonga? Amewahi kukaa na prednisoloni, ile dawa ya steroidi, kwa miezi? Hayo ndiyo yanayoeleza −2.6. Sheffield kule Uingereza walitengeneza kikokotoo cha hatari ya kuvunjika mfupa kinaitwa FRAX, kinauliza umri, uzito, sigara, pombe, baridi yabisi, steroidi, mzazi aliyevunjika nyonga. Statini haimo.

---

MwanaWaMwisho (mleta uzi)

Shikamoo bibi. Nimemuuliza. Hedhi ilikoma akiwa na 43. Na mama yake mzazi, yaani bibi yetu, alivunjika nyonga, wala sikuwahi kujua, mimi niliambiwa tu "alianguka akalala". Kisha miaka ile mama alipokuwa anaumwa kifua alikuwa akipewa prednisoloni mara kwa mara.

Nilipomsomea ulichoandika kanyamaza kidogo halafu akasema "huyo mama anajua." Kwa hiyo umeshavuka pale ambapo mimi na kaka tumeshindwa.

Ila ana hoja nyingine, anasema miguu inamuuma na anajisikia mzito akiinuka kwenye kiti, na anaona hiyo ni statini. Je, haiwezi kumwangusha? Maana mkisema haili mfupa lakini inamlegeza misuli hadi anaanguka, kwa mfupa wake si yale yale?

---

BibiMstaafu

Marahaba mwanangu. Swali lako hilo ni zuri kuliko la kwanza. Mfamasia njoo.

---

KofiaNyeusi

Kabla ya mfamasia. Mimi nina miaka 71, natumia statini tangu nilipowekewa kifaa cha kupanua mshipa wa moyo. Mapaja yaliniuma nikataka kuacha. Daktari wangu hakubishana nami, alinisimamishia kwa muda, maumivu yakabaki vile vile. Kumbe ni goti lililokuwa linanifanya nitembee upande. Nikarudishiwa dawa. Simaanishi kila mtu yuko hivyo, nasema tu kupima kuna faida kuliko kukisia.

---

MezaYaDawa

Mzee KofiaNyeusi kaeleza jambo ambalo Waingereza walilifanya kwa mpango. Jaribio liliitwa SAMSON, mwaka 2020, watu 60 walioacha statini kwa sababu ya maumivu na kero. Kila mmoja akapewa chupa za mwezi mmoja mmoja: nyingine zina statini, nyingine kidonge kitupu, nyingine hazina kitu kabisa, bila kujua ipi ni statini na ipi ni kidonge kitupu, na akawa anaandika anavyojisikia kila siku. Asilimia 90 ya kero walizozipata kwenye statini walizipata pia kwenye kidonge kitupu. Maumivu yalikuwa ya kweli. Kilichoyaleta kwa sehemu kubwa hakikuwa dawa. Nusu ya washiriki walirudi kutumia statini baada ya kuona majibu yao wenyewe.

Lakini sitaki mtu aondoke hapa akidhani nasema misuli haiguswi kamwe. Inaguswa. Kuna ongezeko dogo la maumivu, hasa mwaka wa kwanza. Na kuna ugonjwa halisi wa misuli, nadra, kama mtu 1 kwa 10,000 kwa mwaka, ambapo kipimo cha damu kiitwacho CK kinapanda sana. Kinachoongeza hatari ni uzee wenyewe, mwili mdogo, figo au ini dhaifu, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, na hasa MCHANGANYIKO wa dawa. Simvastatini pamoja na antibiotiki ya klarithromaisini, hapana kabisa. Simvastatini pamoja na amlodipini ya presha, isizidi miligramu 20. Na simvastatini ya 80 mamlaka ya dawa ya Marekani iliizuia kuanzishiwa wagonjwa wapya tangu 2011 kwa sababu ya misuli hiyo hiyo.

Kwa mama: uzito wa miguu kwenye kuinuka nisingeupuuza hata kidogo. Daktari aangalie CK, tezi, na vitamini D, kwa sababu upungufu mkubwa wa vitamini D unalegeza misuli ya mapaja namna hiyo hiyo anayoieleza, na kabla ya kuanza alendronati vitamini D na kalisi vinatakiwa viwe sawa hata hivyo. Ikionekana ni statini, kuna kushusha dozi, kuna kubadilisha aina, kuna ezetimibu, dawa ya kolesteroli isiyo statini. Kuiacha kimyakimya ndiyo njia mbaya kuliko zote, kwa sababu LDL inarudi juu ndani ya wiki chache na hakuna anayejua. Kila LDL inaposhuka kwa milimoli 1 kwa lita, matukio makubwa ya moyo na kiharusi yanapungua kwa karibu moja ya tano. Na mtu aliyepooza upande mmoja anaanguka kuliko yeyote.

Halafu kama kweli tunatafuta dawa inayougusa mfupa kwenye mfuko wa mama, tusiangalie statini. Hiyo prednisoloni ya miaka ile ndiyo mshtakiwa namba moja. Wengine wa kuulizia: omeprazoli na ndugu zake zikitumika miaka mingi bila sababu, pioglitazoni ya kisukari, dawa kadhaa za kifafa kama fenitoini, dozi iliyozidi ya homoni ya tezi, na zile za kuzuia estrojeni baada ya saratani ya titi. Kwenye familia ya kolesteroli yenyewe, ninayoweza kuitazama kidogo ni kolestiramini, ile ya unga, kwa kuwa inaweza kupunguza ufyonzaji wa vitamini D na K utumboni. Siku hizi hutumika kwa wachache.

Na kwa kuanguka: dawa za usingizi na zile za presha zinazomfanya aone kizunguzungu akisimama ghafla zimeangusha wazee wengi. Apimwe presha akiwa amekaa, kisha akiwa amesimama. Dakika tatu tu.

---

Chozi la Mnazi

Samahani kudandia. Kwa hiyo vitamini D nikimpa mzee wangu dozi kubwa kubwa, nimemkinga misuli na mifupa?

---

NasibuTu

Hapana. Jaribio la VITAL Marekani, watu zaidi ya 25,000, vitamini D yuniti 2,000 kila siku dhidi ya kidonge kitupu. Kuvunjika mifupa hakukupungua kwa watu ambao hawakuchaguliwa kwa sababu ya upungufu. Na walioanza statini wakiwa ndani ya jaribio hilo, malalamiko ya misuli yalikuwa asilimia 31 pande zote mbili. Aliyepungukiwa apewe. Asiyepungukiwa, dozi za kupindukia zinaweza hata kumdhuru.

---

MwanaWaMwisho (mleta uzi)

Tumerudi kwa daktari. CK ya kawaida, vitamini D iko chini sana, kaanzishiwa. Kakubali statini. Kaka nimemwonyesha 221 kwa 210, kakaa kimya, sijui kakubali au kanuna.

Alendronati itaanza vitamini D ikishakaa sawa. Mama anauliza vidonge hivi vinapangwaje, asijikute anameza vyote kwa mkupuo.

---

MezaYaDawa

Swali la msingi, watu wengi wanalikosea.

Alendronati inafyonzwa kidogo mno, na chochote kilicho tumboni kinaiharibu. Siku yake ya wiki aimeze asubuhi anapoamka, tumbo tupu, na glasi nzima ya maji matupu. Maji tu. Kisha nusu saa nzima asilale tena na asiiname, akae wima au atembee, kwa sababu kidonge kikirudi kooni kinachoma. Nusu saa ikipita anaweza kula na kumeza dawa nyingine. Kalisi ndiyo ya kusogezwa mbali zaidi, mchana au jioni, maana inaifunga alendronati isifyonzwe.

Atorvastatini yake haina ugomvi na muda, aendelee usiku kama alivyozoea. Kama angekuwa kwenye simvastatini ningesema usiku pia, hiyo haidumu sana mwilini na ini hutengeneza kolesteroli zaidi usiku. Anayetumia rosuvastatini na dawa ya kutuliza asidi yenye aluminiamu na magnesi, atenganishe kwa saa 2.

Mambo mawili ya kumwambia daktari kabla: figo zake (alendronati haitakiwi kama uchujaji wa figo uko chini ya mililita 35 kwa dakika) na meno. Kama kuna jino la kung'oa, ling'olewe kwanza, lipone.

---

KofiaNyeusi

Na mtu mwenye moyo kama mimi akiambiwa mifupa imeisha, kuna sindano mpya ya kujenga mfupa nimeisikia, inafaa?

---

MezaYaDawa

Mzee, kama unamaanisha romosozumabu, hapo mifupa na moyo vinagongana kweli, kuliko kwenye statini ambako kila mtu anapiga kelele. Inajenga mfupa kwa nguvu. Lakini kwenye jaribio lililoilinganisha na alendronati, matukio mazito ya moyo na kiharusi yalikuwa mengi kidogo upande wake, na Marekani walipoiruhusu mwaka 2019 waliiwekea onyo: isitolewe kwa mtu aliyepata mshtuko wa moyo au kiharusi ndani ya mwaka mmoja uliopita. Mwenye historia ya zamani kama yako, daktari wa moyo na wa mifupa wakae pamoja kwanza. Zoledronati au alendronati haina onyo hilo.

---

JichoLaTatu

Sasa hilo la sindano mbona hakuna anayelitumia ujumbe wa sauti?